Kuchunguza viumbe wadogo wa Ziwa Tanganyika ukiwa Kigoma: mwongozo kamili, kuanzia konokono hadi bakteria

Mtu akitaja bayoanuai ya mkoa wa Kigoma, wengi huwaza sokwe wa Gombe na Mahale, kisha migebuka na dagaa. Kundi kubwa kuliko yote halitajwi kabisa: konokono, kaa, uduvi, ruba, minyoo, lava wa wadudu, na chini yao bakteria wasiohesabika. Ziwa Tanganyika lina umri wa mamilioni ya miaka, urefu wa takriban kilomita 670 na kina kinachofika karibu mita 1,470. Muda wote huo umezaa wanyama ambao hawapatikani kwingine popote duniani, na baadhi yao unaweza kuwaokota ukiwa umesimama kwenye maji ya magotini pale Bangwe.

Nimeuandika mwongozo huu kwa mwanafunzi wa chuo anayetafuta mradi, mwalimu wa biolojia, kikundi cha mazingira, au mwanachama wa BMU (kikundi cha wavuvi cha kusimamia mwalo) anayetaka kujua kama mwalo wake unaharibika. Sehemu kubwa ya kazi haihitaji maabara. Inahitaji nidhamu moja, nayo nitairudia hadi uchoke: linganisha vinavyolinganishika. Nimeona madaftari mengi yaliyojaa majina ya Kilatini yasiyoweza kujibu hata swali moja, kwa sababu huku mtu alitafuta kwa nusu saa, kule kwa dakika tano, huku kwenye mawe, kule kwenye mchanga.

Anza na swali, kisha kibali

Usiende ziwani "kuona kuna nini". Nenda na swali ambalo jibu lake linaweza kuwa ndiyo au hapana. Mfano: je, mawe yaliyo karibu na korongo linaloshusha udongo kutoka mlimani yana aina chache za konokono kuliko mawe yaliyo mbali nalo? Swali hilo si la kubuni. Mwaka 1993 Andrew Cohen na wenzake walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba kwenye mwambao unaopokea udongo mwingi kutoka milima iliyokatwa miti, aina za ostrakodi (wadudu wadogo wa majini wenye gamba la vipande viwili, jamaa wa kaa na uduvi) na za samaki ni chache kuliko kwenye mwambao msafi. Wewe unaweza kuliuliza swali hilohilo kwa kipimo kidogo, kwenye mtaa wako.

Chagua angalau sehemu mbili, na kama unaweza ziwe sita: tatu zenye hali unayoishuku na tatu zisizo nayo. Zote ziwe za aina moja ya sakafu. Mawe yalinganishwe na mawe, mchanga na mchanga. Ukichukua mawe ya Bangwe ukayalinganisha na mchanga wa Kibirizi, tofauti utakayoiona ni ya mawe na mchanga tu, hata kama Kibirizi ingekuwa safi kama siku ya kuumbwa.

Kuhusu ruhusa: utafiti rasmi unahitaji kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia. Ndani ya Gombe au Mahale utahitaji pia TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori) na TANAPA (shirika la hifadhi za taifa), na hapo jiandae kusubiri. Hata kwa zoezi la shule, pita kituo cha TAFIRI (taasisi ya utafiti wa uvuvi) Kigoma uombe ushauri, mwone mwenyekiti wa mtaa, na ongea na BMU ya mwalo. Hii si heshima ya juujuu tu. Mtu anayegeuza mawe ufukweni na kujaza vichupa atazua maswali, na ni vyema maswali hayo yawe na majibu kabla hujaingia majini. Sampuli zisitoke nje ya nchi bila vibali vyake, hata kama ni konokono watatu kwenye bahasha.

Wazee wa mwaloni ni walimu. Msalimie mzee anayeshona nyavu, "Shikamoo mzee," ukae, umwambie unatafuta nini. Yeye ndiye atakayekuonyesha mahali nyavu zinapokwama kwenye makombe ya konokono, mahali palipokuwa na majani ya maji kabla ziwa halijapanda, na mwezi ambao maji hubadilika rangi. Andika maneno yake kwenye daftari pamoja na tarehe.

Vifaa

Beseni jeupe, maana kwenye beseni la rangi hutaona lava. Ndoo mbili. Mswaki mpya. Kibano chenye ncha nyembamba. Chekeche mbili, moja ya nusu milimita na nyingine ya milimita mbili. Neti ya mkono yenye matundu ya nusu milimita na fremu ya upana wa sentimita 30. Lensi ya mkono inayokuza mara 10. Vichupa vyenye mfuniko unaobana. Spiriti. Karatasi nzito nyeupe, penseli, tepu ya kupimia, saa, na simu yenye GPS.

Neti unaweza kushonewa na fundi yeyote, lakini usitumie chandarua chenye dawa. Chandarua hicho kimetengenezwa kuua wadudu, na lava wa mtoni ni wadudu. Utakuwa unawahesabu na kuwaua kwa pamoja, na dawa itabaki majini baada yako. Nunua kitambaa cha neti ya kawaida kisicho na dawa.

Spiriti ya duka la dawa ya asilimia 70 inatosha kwa wanyama utakaowatambua kwa umbo. Kwa kazi ya vinasaba tafuta ethanoli ya asilimia 95 au zaidi. Kuna wanaouliza kuhusu gongo: haifai, nguvu yake haijulikani, na ni haramu kisheria.

Hatari za majini

Kichocho kwanza. Konokono wanaokibeba, yaani Biomphalaria na Bulinus, hupenda maji yaliyotulia yenye majani, vijito na chemchemi, zaidi kuliko mawe yanayopigwa na mawimbi. Vimelea huachiwa na konokono kwa wingi jua linapokuwa kali, kuanzia asubuhi ya kati hadi alasiri, kwa hiyo fanya kazi mapema asubuhi. Vaa mabuti ya mpira na glavu ndefu, jifute kwa taulo mara tu unapotoka, na ukishakuwa mtu wa kuingia maji ya aina hiyo mara kwa mara nenda kituo cha afya upimwe. Dawa ya prazikwanteli ipo, lakini upewe na mhudumu.

Kwenye midomo ya mito, hasa Luiche na Malagarasi, kuna mamba na viboko. Huko usiingie bila mwenyeji, na usiingie kabisa alfajiri wala jioni; ile kanuni ya kuwahi asubuhi ni ya mwambao wa mawe. Kati ya mawe utamwona mara chache swila wa maji, nyoka mwenye sumu anayekula samaki. Hana ugomvi na mtu. Mwache apite, na usiingize mkono kwenye shimo usiloona ndani yake.

Soma mahali kabla ya kugusa jiwe

Kila kituo kiwe na ukurasa wake: jina la kituo, GPS, tarehe, saa, hali ya hewa, upepo, aina ya sakafu, kina, na kilichopo nchi kavu (nyumba, shamba, choo, korongo, msitu). Piga picha nne kuelekea pande nne. Usiweke alama ya kituo chako kwa mti wa ufukweni au ngazi za nyumba. Ziwa hili hupanda na kushuka, na lilipopanda miaka ya 2020 na 2021 lilimeza fukwe, bustani na kuta za watu. GPS pamoja na mwamba mkubwa usiosogea ndivyo vya kuaminika.

Pima joto la maji, pH na uwezo wa maji kupitisha umeme kama una kipimo. Maji ya ziwa lenyewe yana magadi kiasi: pH huwa karibu na 9, na upitishaji umeme huwa mikrosimensi 650 hadi 700 kwa sentimita. Hii ni njia nzuri ya kukagua kifaa chako. Kikikuonyesha pH 7 mbali na mto wowote, shuku kifaa kabla hujashuku ziwa. Karibu na mdomo wa kijito namba zote mbili zitashuka, na hapo utajua maji ya kijito yanafika wapi.

Uangavu wa maji hupimwa kwa sahani ya Secchi, ya kipenyo cha sentimita 20, iliyogawanywa robo nne nyeusi na nyeupe. Mfuniko wa sufuria uliopakwa rangi na kufungwa kamba yenye mafundo kila nusu mita unafanya kazi ileile. Ushushe upande wa kivuli wa mtumbwi hadi upotee, uupandishe hadi uonekane, chukua wastani. Katikati ya ziwa sahani inaweza kuonekana hata zaidi ya mita 10. Mbele ya korongo baada ya mvua, pengine chini ya mita moja.

Mawe: hapa ndipo penye utajiri

Kama una muda wa kufanya kitu kimoja tu, fanya hiki.

Chagua mawe 10 kwa kila kituo, yenye upana wa sentimita 15 hadi 25, kwenye kina cha sentimita 30 hadi 60. Usichague yale yanayokuvutia. Nyosha tepu ya mita 20 sambamba na ufuko, na kila baada ya mita mbili chukua jiwe la ukubwa huo lililo karibu zaidi na alama. Weka neti upande wa chini wa jiwe kabla ya kulinyanyua, maana kaa na uduvi hukimbia sekunde ileile jiwe linapotikisika. Linyanyue pamoja na neti, liweke kwenye beseni lenye maji ya ziwa.

Kwanza hesabu wakubwa kwa macho. Kisha piga mswaki jiwe lote, juu na chini, na umimine maji kwenye chekeche ya nusu milimita. Pima eneo la jiwe: lifunike kwa foili bila kukunjana, kata inayozidi, kisha pima uzito wa foili hiyo kwenye mzani mdogo na ulinganishe na uzito wa kipande cha foili cha sentimita 10 kwa 10. Ukikosa mzani, pima urefu, upana na kimo, uandike vyote vitatu. Jiwe lirudi mahali pake, upande uleule ukiwa chini. Upande wa chini una viumbe wasiovumilia jua, na kuligeuza jiwe ni kuwaua.

Utakachokiona kwanza ni konokono. Spekia zonata ni mfupi, mzito, ameng'ang'ania mwamba pale mawimbi yanapovunjika. Jina lake linatokana na mpelelezi Mwingereza John Speke, aliyefika Ujiji mwaka 1858 na kuondoka na makombe yaliyoelezwa kisayansi London mwaka uliofuata. Wenyeji walikuwa wakiyakanyaga kila siku, lakini ndivyo majina yalivyogawanywa. Lavigeria ndio wengi: kombe nene, mara nyingi lenye mistari iliyoinuka, na spishi zake hufanana kiasi cha kuwachosha hata mabingwa. Ukiwa mwanzoni, waandike "Lavigeria aina A", "aina B", piga picha, hifadhi wachache wa kila aina. Jina kamili litakuja baadaye. Jina la kubahatisha halifutiki kirahisi.

Kwa nini makombe haya ni mazito hivyo, wakati konokono wengi wa maji baridi wana kombe jepesi? Makombe ya Tanganyika yanafanana na ya baharini kiasi kwamba mwishoni mwa karne ya 19 mwanazoolojia Mwingereza J. E. S. Moore alidai ziwa liliwahi kuungana na bahari. Alikosea. Jibu lenye uzito zaidi liko chini ya jiwe lilelile: kaa wa jenasi Platythelphusa, ambao hawapo nje ya bonde la ziwa hili. Platythelphusa armata ana gando kubwa la kuvunjia makombe, na mwaka 1991 watafiti walieleza jinsi gando na kombe vilivyoshindana kwa vizazi vingi. Kwa hiyo unapohesabu, andika pia makombe yenye makovu ya kupona, yaani mstari uliovunjika na kuungwa tena. Hiyo ni kumbukumbu ya shambulio lililoshindwa, na inahesabika bila gharama yoyote.

Mchanga na tope

Hapa kazi ni ya kuchosha na haina picha nzuri. Chukua bomba la plastiki la kipenyo cha sentimita 10, lizamishe sentimita 10 ndani ya mchanga, ziba juu kwa kiganja, chomoa. Mabomba matano kwa kila kituo. Chekecha kwanza kwa milimita mbili, kisha kwa nusu milimita, na kilichobaki kiweke kwenye spiriti ukakichambue nyumbani. Ostrakodi wengi ni wadogo kuliko milimita moja. Ukiwataka wao, tafuta chekeche ya robo milimita au chini yake.

Ukikuta makombe makubwa ya mviringo, ya sentimita nne au tano, huyo ni Neothauma tanganyicense. Makombe yake matupu hukusanyika kwa wingi kwenye sakafu ya ziwa, na samaki wadogo huishi na kutaga ndani yake. Usiyakusanye kwa kuuza wala kwa mapambo. Hesabu, piga picha, rudisha.

Mito na vijito

Kwenye mito wadudu ndio wanaotawala, na Tanzania ina kipimo chake cha afya ya mito kinachoitwa TARISS, kilichotokana na kile cha Afrika Kusini. Kwa kifupi: unasukuma mawe kwa mguu huku neti ikiwa upande maji yanakoelekea, unafagia majani ya kingoni, unakoroga mchanga na tope, kila sehemu kwa muda uliowekwa. Kila familia ya wanyama ina alama kati ya 1 na 15. Wasiovumilia uchafu wana alama kubwa, wavumilivu wana ndogo. Jumlisha alama, gawanya kwa idadi ya familia, unapata wastani unaoelezea afya ya mto.

Lava wenye mikia mitatu myembamba na matamvua ya kupumulia kando ya tumbo ni wa oda ya Ephemeroptera. Wanaojijengea vijumba vya mchanga au vijiti ni Trichoptera. Familia nyingi za makundi haya mawili zikiwepo pamoja, maji yana hewa na hayajachafuka sana. Ukikuta minyoo myekundu na lava wekundu wa Chironomidae (vijidudu kama mbu wasiouma) peke yao, angalia juu ya mto kuna nini.

Spiriti na lebo

Sampuli nyingi hazifii ziwani, zinafia kwenye kabati.

Konokono ukimtumbukiza moja kwa moja kwenye spiriti hujifungia ndani kwa kifuniko chake, spiriti haiingii, na baada ya wiki mbili una kombe lenye nyama iliyooza. Waweke kwanza kwenye maji ya ziwa yenye chembe chache za mentholi usiku kucha hadi walegee, kisha uwahifadhi. Kwa kazi ya vinasaba pasua kombe kidogo, au kata kipande cha mguu. Jaza spiriti angalau mara tatu ya ujazo wa wanyama, na uibadilishe baada ya saa 24, maana maji ya miilini mwao hupunguza nguvu yake.

Lebo iandikwe kwa penseli na iwekwe ndani ya kichupa. Wino wa kalamu huyeyuka kwenye spiriti, na lebo ya nje hubanduka. Iwe na: mahali, GPS, kina, tarehe, njia iliyotumika, aliyekusanya, na namba inayolingana na daftari. Kichupa kisicho na lebo kitupe mara moja. Najua inauma. Lakini kikibaki kabatini siku moja mtu atakiwekea lebo kwa kukumbuka, na hapo uongo utaingia kwenye data milele.

Kumtofautisha konokono wa kichocho

Sehemu hii watu huiulizia kuliko zote. Angalia mambo matatu. Kwanza, kifuniko: Biomphalaria na Bulinus hawana kile kigae kidogo cha kuzibia mlango, Lavigeria na Spekia wanacho. Pili, umbo: Biomphalaria ni bapa, kama kamba iliyoviringwa mezani. Tatu, upande: shika kombe ncha ikiwa juu na mlango ukikutazama. Mlango wa Bulinus uko kushoto kwako. Lanistes naye ana mlango wa kushoto, ila yeye ni mkubwa zaidi na ana kifuniko. Kuwepo kwa konokono hawa si ushahidi kwamba wana vimelea. Hilo huthibitishwa maabara. Ukiwakuta wengi pale watoto wanapoogelea, peleka taarifa kwa ofisi ya afya ya kata badala ya kuirusha kwenye makundi ya WhatsApp.

Bakteria: wasioonekana kwa macho

Ziwa Tanganyika halijichanganyi lote. Hewa ya oksijeni ipo kwenye tabaka la juu tu, takriban mita 100 hadi 200. Chini ya hapo hakuna oksijeni, kuna salfidi ya hidrojeni, ile gesi yenye harufu ya yai viza. Sehemu kubwa ya maji ya ziwa, kwa hiyo, ni makazi ya bakteria na akea (viumbe wa seli moja wanaofanana na bakteria) pekee. Samaki hawafiki huko, konokono hawafiki.

Unaweza kuona kipande cha ulimwengu huo dirishani kwako. Mbinu hii ilibuniwa na Sergei Winogradsky katika miaka ya 1880. Chukua chupa angavu ya maji ya lita moja na nusu, kata shingo. Chota tope jeusi lenye harufu kutoka kingo tulivu. Changanya sehemu ya tope hilo na gazeti lililochanwa vipande vidogo (chakula cha kaboni), kiini cha yai lililochemshwa (salfa) na maganda ya yai yaliyosagwa. Mimina hadi theluthi ya chini, juu yake ongeza tope tupu hadi theluthi mbili, koroga kwa kijiti kutoa mapovu, kisha jaza maji ya ziwa ukibakiza sentimita tatu. Yasiwe ya bomba, kwa sababu klorini itaua unaowatafuta. Funika kwa nailoni, weka penye mwanga usio jua kali. Tengeneza chupa ya pili ileile na uifunge kwa kitambaa cheusi.

Baada ya wiki mbili au tatu rangi huanza. Kufikia wiki ya sita au ya nane chupa ya mwangani huwa na matabaka: kijani juu penye sianobakteria, zambarau na kijani iliyofifia chini yake penye bakteria wanaotumia mwanga na salfidi, nyeusi chini kabisa penye salfidi ya chuma. Chupa ya gizani haina kijani wala zambarau. Kwa darasa la kidato cha tatu sijui zoezi linalofundisha zaidi kwa gharama ndogo hivi. Piga picha kila wiki ukiwa umeweka rula kando.

Kupima usafi wa maji ni kazi tofauti, na ni ya maabara. Wewe kazi yako ni kuchota vizuri: chupa iliyotakaswa, mdomo ukielekea mkondo, sentimita 20 hadi 30 chini ya uso, usiguse ndani ya mfuniko. Weka kwenye deli lenye barafu, chupa zikiwa ndani ya mfuko uliofungwa ili maji ya barafu yasiingie. Zifike maabara ndani ya saa sita ukiweza, zisivuke saa 24. Huko watachuja mililita 100 kupitia kichujio cha mikromita 0.45 na kuotesha E. coli, bakteria wa utumbo wa watu na wanyama. Shirika la Afya Duniani linataka maji ya kunywa yasiwe na hata mmoja katika mililita 100. Kumbuka E. coli anaonyesha kinyesi kimefika. Hasemi kama kuna kipindupindu. Na usioteshe bakteria wa maji machafu kwenye sahani jikoni kwako.

Bakteria wengi hawaoti kabisa kwenye sahani, ndiyo maana anayetafuta bayoanuai yao husoma vinasaba. Unachuja maji kwa bomba kubwa la sindano kupitia kichujio cha mikromita 0.22, unakihifadhi kwenye ethanoli au kwenye kimiminika maalumu, na maabara husoma jeni ya 16S kwa bakteria, au COI kwa wanyama walioacha vinasaba vyao majini. Mambo mawili yasikosekane: glavu mpya kila kituo, na sampuli tupu, yaani maji safi ya dukani unayoyachuja palepale ufukweni kwa utaratibu uleule. Sampuli tupu ikitoa viumbe, hao wametoka mikononi mwako au kwenye vifaa.

Usidhani vinasaba vitakuondolea kazi ya mawe na mswaki. Mfuatano wa vinasaba hupata jina pale tu ambapo mtu alishamtambua mnyama kwa umbo na kuweka vinasaba vyake kwenye hazina ya marejeo. Kwa wanyama wadogo wa Afrika pengo ni kubwa, na majibu mengi hurudi yakisema "Gastropoda" tu. Lavigeria wako kwenye kichupa chenye lebo nzuri ndiye atakayeziba pengo hilo.

Kuhesabu ulichokosa

Tuseme kwenye mawe 10 umepata aina 14, sita kati yake zimeonekana mara moja tu na tatu mara mbili. Kanuni ya Chao1 inakadiria aina zilizopo kweli: zidisha sita kwa sita, upate 36, gawanya kwa mara mbili ya tatu, yaani sita, upate sita, ongeza kwenye 14. Makadirio ni 20, kwa hiyo mawe 10 hayakutosha. Fanya hesabu hii jioni ileile, kabla hujaondoka kituoni kwa jumla. Kama kituo kimoja umeongeza mawe, ongeza na kingine.

Data iingie kwenye jedwali, mstari mmoja kwa kila aina kwa kila jiwe. Sifuri iandikwe, isiachwe wazi: "nilitafuta sikukuta" na "sikutafuta" ni vitu viwili. Ukimaliza, wasiliana na TanBIF, kituo cha taarifa za bayoanuai cha Tanzania kilicho chini ya COSTECH, ili kumbukumbu zako ziingie kwenye GBIF, hazina ya dunia ya taarifa hizo, mtu mwingine azitumie.

Rudia vituo vilevile mara mbili kwa mwaka: mvua zikiwa zinaisha, Aprili au Mei, na katikati ya kiangazi, Julai au Agosti, upepo wa kusini ukiwa umeshaanza kuvuma. Tumia idadi ileile ya mawe, kina kilekile, saa zilezile, na ikiwezekana mikono ileile. Vichupa viweke kwenye sanduku lenye kivuli, vikiwa vimesimama, na kila baada ya miezi sita lifungue uongeze spiriti pale iliposhuka.